Kiti cha Baba Mkwe

Ikupa aliikuta baiskeli nyuma ya banda la Haruni, mnunuzi wa chuma chakavu wa Ibighi, imelaliwa na mlango wa gari na mabati yaliyotoboka. Gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda kama ungo uliokaliwa. Mnyororo ulishikana kwa kutu mpaka ukawa fimbo. Upande mmoja wa fremu, ule ulioelekea mvua, ulikuwa umeota ukoga wa kijani.

Kilichomsimamisha ni kiti. Kilikuwa cha ngozi nene ya kahawia, kimeshikwa pembeni kwa misumari ya shaba, kimechanika mdomoni, sehemu ya mbele, lakini hakijaoza. Alikipangusa kwa ncha ya kitenge, ngozi ikang'aa kidogo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Imekuja na mvua, dada yangu," alisema Haruni. "Hapa vitu haviji na wazazi wao."

"Isije ikawa ya wizi."

"Hii? Mwizi naye ana macho, mama."

Hakuuliza mara ya pili. Aliifunga kamba kwenye bodaboda na kuipeleka Bagamoyo, mtaa mwingine wa Tukuyu, kwa fundi Khalidi.

Watengenezaji wa Ulaya wana jina la baiskeli za namna ile. Huziita haibridi, kwa sababu si za mashindano na si za milimani: magurudumu ni mapana kiasi, usukani umenyooka, gia zipo, na fremu ni nyepesi kuliko ya zile baiskeli nyeusi za mizigo. Mafundi wa Tukuyu huziita za gia tu, na hawazipendi. Husema zina vyuma vingi kuliko akili. Ikupa aliijua vizuri zaidi kwa sababu alizaliwa Ibighi, binti wa fundi baiskeli, na Khalidi alijifunza kazi chini ya baba yake. Mzee huyo alipofariki, Khalidi alirithi spana, wateja, na tabia ya kumwita Ikupa "binti fundi" hata baada ya kuolewa kijijini Matwebe na kuzaa.

Aliitaka baiskeli kwa ajili ya maziwa. Mumewe, Andrea, alikuwa Chunya akichimba dhahabu ambayo bado haijaonekana. Ikupa alibaki na ng'ombe wawili, watoto wawili, na shemeji aliyeitwa Meshaki, mdogo wa Andrea, mwenye pikipiki. Kila asubuhi Meshaki alikusanya maziwa ya nyumba zote za ukoo na kuyapeleka kituoni, mahali ambapo gari la maziwa husimama kwa muda mfupi na kuondoka. Njiani alichota ya kwake na kujazia maji ya kisimani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema, kwa kuwa aliyesema angebeba maziwa yake kichwani.

Ikupa alisema. Alisema kituoni, mbele ya mpimaji na foleni nzima, siku ambayo kipimo kilizama kwenye keni ya Meshaki kuliko kinavyozama kwenye maziwa matupu.

"Yamwage polepole," alimwambia mpimaji. "Maziwa ya shemeji yana samaki. Usije ukamwaga mboga ya watu."

Foleni ilicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Meshaki akakataliwa kituoni, na kwa miezi kadhaa watoto wa Matwebe waliikimbilia pikipiki yake wakiuliza bei ya perege. Ikupa alilifurahia jambo hilo. Alilirudia kila alipopata msikilizaji mpya, akiiga jinsi Meshaki alivyofumba mdomo.

Hapo ndipo alipohitaji baiskeli ya kwake.

Alichokuwa hajui ni kwamba baiskeli ile ilikuwa ya baba mkwe wake.

Haieleweki jinsi mtu anavyoweza kukaa miaka minane hatua chache kutoka kwa kitu asikijue, mpaka ieleweke desturi ambayo Wanyakyusa wazee huiita ukutila. Mke wa mtoto humwogopa baba mkwe kwa kumkwepa. Hamtazami. Hatamki jina lake. Haingii nyumbani mwake, hagusi chombo chake, hakalii kiti chake. Akimsikia njiani, anaacha njia. Mjini wasichana wengi huisikia kama hadithi ya bibi, na wapo wanaotazama mpira na wakwe zao kwenye kochi moja. Kwa mzee Ambindwile, mzee wa kanisa na mwenye mji ule wa ukoo, haikulegea hata kidogo.

Ikupa angeweza kuilegeza kimyakimya, kama wengine. Badala yake aliishika kuliko wasichana wa kijijini, maana hakutaka aje aambiwe kwamba binti wa Ibighi hakufunzwa. Mzee alikuwa na baiskeli, zawadi ya Mholanzi mmoja aliyefanya kazi wilayani akaondoka, na kwa miaka aliitumia kuzungukia waumini. Kila Ikupa aliposikia kengele, aliingia migombani, akageuza uso, akangoja mpaka kimya. Baadaye mzee alianguka mteremkoni, goti likakataa, baiskeli ikawekwa nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo mkwe hakanyagi. Ikupa alijua ipo. Hakuwahi kuiona.

Meshaki ndiye aliyeitoa nyuma ya nyumba na kumuuzia Haruni, wiki ambayo maziwa yalikataliwa. Mzee aliambiwa imeibwa.

Kazi ilichukua msimu mzima wa mvua. Ikupa alishuka Bagamoyo kila alipopata mtu wa kuangalia ng'ombe, akakaa kwenye kona ya kibanda cha Khalidi juu ya kreti la soda. Kwanza walikabiliana na bomba la kiti, lililoganda ndani ya fremu kana kwamba limechomelewa. Walilimwagia mafuta ya taa asubuhi na jioni. Walilipiga nyundo kwa kutanguliza kipande cha mti. Mwishowe Khalidi aliibana fremu katikati ya mapaja, Ikupa akashika kiti kwa mikono miwili akakizungusha kama anayekamua nguo.

"Binti fundi, iache," alisema Khalidi, jasho likimtoka. "Hata marehemu baba yako hii angeiaga."

"Baba hakuwa mvivu kama wewe."

"Baba yako alikuwa na wake wa kumkanda mgongo."

Bomba lilitoka na mlio mbaya, wote wawili wakaanguka.

Baada ya hapo aliivua baiskeli mpaka ikabaki mifupa. Aliikwangua kwa msasa mpaka chuma, akaipaka rangi ya kuzuia kutu, kisha bluu nzito. Gurudumu la nyuma hakujaribu kulinyoosha. Alichukua habu, kile kitovu cha gurudumu, ya baiskeli nyeusi ya mizigo, akaisuka kwenye rimu nyingine kwa spoki nene, akalisawazisha kwa kipande cha chaki kilichofungwa kwenye fremu: palipoguswa na chaki palikazwa, palipoachwa palilegezwa, mpaka chaki ikaacha mstari mmoja mwembamba kuzunguka rimu yote. Gia za mbele alizitoa, akabakiza meno madogo tu, maana njia ya Matwebe haina mahali pa kukimbilia. Usukani ulionyooka alibadilisha kwa ule mpana uliopinda kumwelekea mwendeshaji. Waya za breki alifunga za pikipiki. Mchomeleaji wa madirisha alimtengenezea karia ya nondo nyembamba yenye vikapu viwili vya chuma vinavyoning'inia chini, usawa wa habu, ili keni mbili za maziwa zisiivute baiskeli kwenye kona. Bamba za kuzuia matope alikata kwenye dumu la njano.

Kiti alikifanya peke yake. Alishona mdomo kwa uzi uliopakwa nta, akakaza skrubu ya chini mpaka ngozi ikavutika kama ya ngoma, akaisugua kwa mafuta ya ng'ombe kila alipokuja. Kilikuwa kimeshika umbo la mwenyewe wa kwanza, mashimo mawili madogo ya matako ya mtu mwembamba.

"Aliyekikalia hiki alikuwa mkavu," alisema Khalidi.

"Sasa atakaa mnene. Kitazoea."

Watu waliokuja kujaza upepo walionyeshwa kiti. Waliokuja kwenye duka la jirani walionyeshwa kiti. "Baiskeli nimeitengeneza," alikuwa akisema, "lakini kiti nimekifufua."

Kati ya walioonyeshwa ni Meshaki. Alisimamisha pikipiki barabarani siku moja ya manyunyu, akatazama fremu iliyo uchi ikining'inia darini kwa kamba, akatazama kiti mapajani mwa shemeji yake.

"Kizuri," alisema.

"Kikae mbali na maji, basi," alijibu Ikupa. "Nasikia ukikaribia kitu kinaloa."

Meshaki alicheka naye. Aliwasha pikipiki, akaenda zake. Alikitambua kiti palepale. Angeweza kusema palepale, wakati baiskeli ilikuwa bado rundo la vyuma na hakuna aliyeikalia. Alinyamaza msimu ule wote. Aliporudi Bagamoyo alileta hata nati moja iliyokosekana, akaipokea shukrani.

Baiskeli ilipopanda Matwebe kwa mara ya kwanza, watu walitoka nje. Asubuhi iliyofuata Ikupa alikuwa wa kwanza kituoni, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya mumewe, keni zikitulia pembeni kama watoto waliolala. Mpimaji aliyapima maziwa, akamrudishia keni, akaomba aizungushe baiskeli uani. Kabla mwezi haujaisha, wanawake watatu walikuwa wamemwomba awatafutie fremu kwa Haruni, awajengee kama ile. Khalidi alimwambia atamtengea nusu ya kibanda. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Ikupa alikuwa na jambo lisilopitia kwa mtu yeyote wa mji ule.

Meshaki alingoja mpaka hapo.

Jumapili moja baada ya ibada, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa uani kwa mzee Ambindwile kuzungumzia mpaka wa shamba. Chai ilikuwa imekwisha kunywewa. Meshaki alikusanya vikombe, akasimama navyo mkononi.

"Baba," alisema, "hivi yule mkweo, kila asubuhi anakalia nini?"

Kikao kilifanyika siku mbili baadaye, mahali palepale. Mzee Ambindwile alikaa ndani ya nyumba yake, mlango wazi, asionekane. Ikupa alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, kitenge kichwani, uso ukielekea migombani, kama ilivyompasa. Kati yao palikuwa na uwanja mdogo, na katikati ya uwanja aliwekwa Lusungu, mdogo wa mzee, awe mdomo wao. Baiskeli iliegemezwa kwenye mti wa parachichi. Khalidi aliitwa kutoka Bagamoyo kwa sababu ndiye aliyejua vyuma. Alikaa kwenye benchi la wageni, kofia gotini.

"Mwulize kama alijua," ilisema sauti kutoka ndani.

Lusungu aliugeukia ukuta wa jiko. "Mzee anauliza kama ulijua."

"Nimesikia."

"Hukusikia. Nimekuambia mimi."

"Umeniambia wewe, baba. Sikujua. Ningeijuaje? Akipita nilikuwa naingia migombani. Sijaitazama hata siku moja."

Lusungu aliugeukia mlango. "Anasema hajaitazama hata siku moja."

Wazee wawili waliitikia kwa vichwa; lilikuwa jibu la mkwe aliyefunzwa, na walilithamini.

"Mwambie hapo alifanya vema," ilisema sauti. "Mwambie pia kwamba alikaa."

"Alikaa," alisema mzee mmoja.

"Wala si mara moja," alisema mwingine.

Lusungu alimwita Khalidi, akamtaka aseme ni kipi hasa cha baiskeli ya mzee kilichobaki. Khalidi aliizunguka baiskeli polepole. Magurudumu si yake, alisema. Usukani si wake. Mnyororo, pedali, breki, karia, vyote vimetoka kwingine na anajua kila kimoja kilikotoka. Cha mzee ni fremu, na uma wa mbele unaoshika gurudumu.

"Na kiti?"

Kila mtu uani alijua kwamba fundi angeweza kusema chochote pale. Viti vya ngozi vinafanana. Khalidi aliutazama ukuta wa jiko, kana kwamba ungempa ishara. Kisha akawatazama watu waliojaa kwenye uzio, na kati yao aliwaona wengi waliowahi kusimama kibandani kwake wakionyeshwa mshono.

"Kiti ni kilekile," alisema. "Mwenyewe amewaambia Tukuyu nzima."

Mtu alicheka kwenye uzio. Ikupa alisema bila kuulizwa, kwa sauti iliyovuka uwanja bila kumpitia Lusungu.

"Aliyeiuza kwa Haruni ni nani?"

Meshaki alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, akichokonoa meno. Hakuacha kuchokonoa.

"Hilo ni la baba na mwanawe," alisema Lusungu. "Litazungumzwa."

Halikuzungumzwa.

Mama mkwe, Alinanuswe, alikuwa akimenya ndizi pembeni na hakuwa ameombwa kusema. Alisema huku akimenya. "Mimi kile kiti nimekijua tangu siku alipopita nacho hapa kwa mara ya kwanza. Nimekipaka mafuta miaka yangu yote, nisikijue?"

"Mama," alisema Ikupa kutoka nyuma ya ukuta. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaringa nacho. Nikasema, gwe wewe, acha aringe."

Waliokuwa kwenye uzio walicheka tena, safari hii wengi zaidi, na ikabainika katika kicheko kile kwamba mama mkwe hakuwa peke yake. Jirani wa juu alijua. Mke wa Lusungu alijua. Mmoja wa wanawake watatu waliotaka wajengewe baiskeli alijua. Kila asubuhi walimpungia mkono akipita juu ya kiti cha baba mkwe wake, kisha wakaingia ndani kusimuliana.

Walimpigia Andrea simu, wakaiweka sauti ya nje. Kulikuwa na mashine inasaga mawe nyuma yake.

"Mama Sekela, rudisha tu. Usibishane na wazee. Nitakununulia nyingine."

"Lini, baba Sekela?"

"Mambo yakikaa sawa huku."

Hata Khalidi alicheka hapo.

Hukumu ilitolewa bila kuinuliwa sauti. Kaka yake Ikupa alete mbuzi, wazee waiondoe aibu. Kiti cha baba mkwe ni cha baba mkwe maadamu anapumua. Ikupa asikikalie, asikiguse, wala kitu kilichobeba kiti hicho. Akionekana juu yake tena, atarudi Ibighi kwa kaka yake, na watoto watabaki Matwebe, kwa kuwa ni wa ukoo. Baiskeli irudi kwa mwenyewe leo.

"Baba," alisema Ikupa, "kinachorudi ni kitu cha mkwe tu?"

"Kitu cha mkwe tu," alisema Lusungu. "Hatuchukui cha mtu."

"Kirudi kama kilivyokuwa?"

Lusungu aliugeukia mlango, lakini mzee hakungoja. "Kama kilivyokuwa!" ilisema sauti. "Kama kilivyokuwa, mwambie!"

Ikupa aliinuka. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na mfuko wa spana, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mti wa parachichi. Alikuwa ameufunika uso kwa kitenge upande wa mlango, sawasawa na inavyotakiwa.

"Shemeji," alimwambia Meshaki, "njoo ushike. Mimi fremu siruhusiwi kuigusa."

Meshaki aliwatazama wazee. Wazee hawakuona kosa katika ombi hilo. Akaja akaishika fremu kwa shingo.

Alianza na karia. Alifungua bolti moja moja, akaziweka kwenye kopo. Kisha bamba za dumu. Kisha waya za breki, akiziviringisha vizuri. Mvua ilianza, ile nyembamba isiyomfukuza mtu, na hakuna aliyeondoka.

"Anafanya nini?" iliuliza sauti kutoka ndani.

"Anafungua," alisema Lusungu.

"Anafungua nini?"

Gurudumu la nyuma lilikuwa limetoka. Mzee Ambindwile angeweza kulizuia jambo lile kwa kutoka nje tu na kuinua fimbo, lakini hakuweza kutoka: mkwe wake alikuwa uani. Walimsikia akisimama, akitembea kwa goti lake bovu mpaka karibu na mlango, akirudi. Walimsikia akiita jina la Meshaki. Meshaki alikuwa ameshika fremu isiyo na magurudumu, mikono yote miwili, maji yakimtiririka shingoni.

"Iinue kidogo, shemeji. Pedali hii imekaza."

Alipomaliza, mikononi mwa Meshaki kulikuwa na fremu ya bluu, uma wa mbele, na kiti juu yake. Ikupa alitia vyake kwenye gunia.

"Rangi ni yangu," alimwambia Lusungu, "lakini sitaikwangua. Mzee aichukue."

Kesho yake pikipiki ya kukodi ilitoka Bagamoyo na kumwaga uani kwa mzee gurudumu lililopinda, mnyororo uliokuwa fimbo, na usukani wenye kutu. Khalidi hutunza kila kitu. Ikupa alikuwa amemwagiza: kama kilivyokuwa.

Kama ulikuwa ushindi, aliulipia kila asubuhi. Maziwa yalirudi kichwani. Alitoka mapema kuliko zamani na bado mara nyingi alifika wakati gari limegeuza kona, akabaki kuyauza kwenye vibanda vya chai kwa watu wanaojua kwamba huna pa kuyapeleka. Wale wanawake watatu walianza kumwita Meshaki, aliyepata kituo kingine. Binti yake mkubwa, Sekela, alifundishwa shuleni wimbo kuhusu mtu aliyekalia kiti cha babu, akaurudia nyumbani bila kujua unamhusu nani. Mama mkwe akimwona akipita na ndoo, humwita kutoka barazani.

"Mama Sekela! Leo hupigi kengele?"

"Ndaga, mama," hujibu Ikupa. Asante. Huendelea kutembea, shingo imenyooka, kwa sababu ya ndoo.

Fremu haikukaa sana nyuma ya nyumba ya mzee. Hakuna aliyejua kuifanya iende, na Meshaki hana mazoea ya kuacha chuma kilale. Katikati ya kiangazi ilionekana tena kwa Haruni, Ibighi. Khalidi aliipata habari, akaenda akaichukua kabla haijalaliwa na milango ya magari, akaitundika darini mahali pake pa zamani. Kisha akamtumia Ikupa ujumbe kwamba aje na gunia.

Ikupa alikuja mikono mitupu. Alisimama nje ya kibanda, upande wa barabara, akaitazama kutoka pale. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama akijua ni ya nani.

"Ingia, binti fundi. Gunia liko wapi? Leo leo tunaifunga."

"Siigusi."

"Nitaifunga mimi. Kiti natoa, natia cha plastiki. Nani atajua?"

"Nani hakujua mara ile?"

Khalidi alipangusa mikono kwa kitambaa. Alisema kwamba yeye ni Mwislamu wa Bagamoyo, mambo ya migombani hayajui sana, lakini huo ni upumbavu. Chuma hakina ukoo. Ameinunua kwa Haruni kihalali, ni yake, anampa.

"Na watoto wangu utanipa wewe?"

Mteja alikuja, akajaza upepo, akaenda. Ikupa alikuwa bado amesimama palepale, akipima kwa macho jinsi fremu inavyoning'inia, na kama kamba inakwaruza rangi.

"Niwekee," alisema.

"Niiweke mpaka lini? Kibanda chenyewe hiki."

"Anakohoa."

"Nani anakohoa?"

Jina hakuwahi kulitamka na hakulitamka hapo. Alielekeza kidevu upande wa Matwebe. "Tangu masika. Usiku tunamsikia mpaka nyumbani kwangu. Juzi walimbeba kwenda kanisani, ibada ikamshinda, wakamrudisha."

Khalidi alianza kucheka, kama anavyocheka kwa kila jambo. Alimtazama usoni, akaacha.

"Astaghafirullah, Ikupa."

"Wamesema maadamu anapumua. Mimi sikusema, wamesema wao." Alijitanda kitenge vizuri, akatazama mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka mlimani. "Isogeze kule ndani, hapo panavuja. Na kiti kipake mafuta, Khalidi. Ngozi ikikaa muda mrefu bila mtu inapasuka."

Kisha akavuka barabara kwenda kuchukua ndoo yake aliyoiacha kwenye kibanda cha chai.